Wali wa msiba wa Leokadia umeungua

Siamini bado. Leokadia wangu amefariki, na wali wa msiba wake umeungua! Sufuria mbili!

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Samahani nimeanza hivyo, ila anayemjua mwanangu ataelewa kwa nini hiyo ni habari.

Homa ya siku nne tu. Jumanne tukamzika hapa Ipuli.

Kwa wasiomjua: nilipomzaa niliambiwa ni mtoto wa kiume. Alipokua akaniambia, "Mama, mimi ni binti yako." Nilinuna mwezi mzima, sikatai. Halafu nikamwambia, basi chukua jina la bibi yako, na bibi yako alijua kupika, usije ukaniaibisha.

Hakuniaibisha jamani! Misiba yote ya Ipuli alipika yeye, mpaka Isikizya, na Tura walimwita akapanda treni na mwiko wake mkononi. Alijiita supavaiza wa masufuria. Nani mwingine hapa ana mtoto anayefuatwa mpaka Tura? Niambieni.

Msiba wa kwanza alioenda na gauni, jirani yangu Mama Kulwa alimfukuza mkekani. "Nenda kule kwenye viti, kakae na wanaume wenzio."

Leokadia hakwenda kwenye viti. Akaenda jikoni, akasimama kwenye moshi, akapika. Watu walipokula, Mama Kulwa huyo huyo akauliza, "Huu wali kapika nani?"

Tangu hapo wanawake wakazoea. Wanachambua mchele, wanateta, na maji yakikaribia kukauka wanamsubiri yeye apige kelele: "Toeni kuni! Palieni mkaa!" Bila kelele hiyo hakuna aliyegusa moto.

Sasa Jumanne wote wamezunguka moto, wanalia, wanapiga stori. Kuni zinawaka. Mara harufu. Mama Kulwa akafunua sufuria, weusi mtupu. Akafunua ya pili, hivyo hivyo. Akakaa chini kwenye majivu.

"Mama Leokadia, nilikuwa namsubiri aseme."

Miaka yote huyu aliniita "jirani" ili asilitaje jina la mwanangu. Nililia, lakini moyo ulitulia.

Wakati huo mabinti watatu wamesimama nje ya uzio na vitenge vyao. Rafiki zake Leokadia, mabinti kama yeye. Hawajui waende mkekani au kwenye viti.

Baba mdogo wa Leokadia akawaona. "Hao wakakae kwa wanaume, au warudi walikotoka."

Nikainuka nimjibu, goti likakataa. Mama Kulwa akawahi, majivu mpaka usoni: "Shemeji, mchele mwingine utapika wewe?"

Baba mdogo akatazama sufuria zilizoungua.

"Basi kaa. Wanangu, piteni huku, tumeaibika."

Yule mrefu, Zawadi, akajifunga kitenge, akaosha mchele, akabandika. Maji yakakaribia kukauka. Ndipo akapaza sauti: "Toeni kuni! Palieni mkaa!"

Jiko zima tulilia na kucheka kwa pamoja. Wali ulitoka punje moja moja. Baba mdogo aliongeza sahani ya pili, nilimwona kwa macho yangu.

Picha za mabinti siweki, wameniomba. Si kila mtaa una Mama Kulwa. Ila nasema hapa mbele ya wote: hao ni wanangu. Mwenye neno aje kwangu, goti linauma lakini mdomo mzima.

Leokadia, mama yangu wee, sasa pumzika. Kuni tumeshazitoa.

Na nyie mabinti wote kama mwanangu, mnaojulikana na mnaojificha, mkekani kwangu nafasi ipo, wala msisimame nje ya uzio. Kuchambua mchele ni Ijumaa mchana, supavaiza ni Zawadi. Kuanua matanga, kila mtu namtaka hapa, na baba mdogo pia, ni Jumamosi.