Jagi la Kijani Uani kwa Bi Sophia

Bi Sophia tunakaa naye nyumba moja hapa Msimbazi, mlango wake unatazamana na wangu, na ua ni wetu sote. Ni mwanamke mwembamba, hapandishi sauti. Kazi yake kulea watoto wa wafanyabiashara wa Kariakoo. Asubuhi mama zao wakienda kufungua maduka wanawaacha kwetu, jioni wanawapitia.

Wengine wanaolea watoto huwakalisha mkekani wakaimba a, e, i, o, u mpaka wasinzie. Bi Sophia yeye aliwatolea maji. Beseni kubwa la bluu katikati ya ua, kapu la vikombe, chupa zilizotobolewa matundu, na mwanasesere mmoja asiye na nywele. Mtoto anajaza ndoo kwa kikombe, wenzake wanahesabu. Siku moja alitia chungwa majini, likaelea. Akalimenya, akalirudisha, likazama. Watoto wakasogea karibu. Goodluck, mtoto wa fundi viatu, akauliza:

"Bibi, na wewe ukivua kanga utazama?"

"Mimi na mifupa hii? Nitazama kabla sijavua."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Na maji yale hayakupotea, jioni tuliyadekia.

Basi mwaka huu mwanawe wa pekee, Nasreen, akafariki. Hakuumwa sana. Ni mipango ya Mwenyezi Mungu.

Caroline, mama yake Brightness, ana duka la vyombo vya plastiki. Aliposikia msiba alikimbia na ndoo mpya na jagi la kijani, bado lina karatasi ya bei. Ndivyo tulivyomwoshea marehemu. Bi Sophia mwenyewe alimimina maji, mwosha akiosha, mimi nimeshika shuka. Hakutoa chozi. Alimimina vizuri, upande wa kuume kwanza, kama alivyoelekezwa.

Kwetu Waislamu vyombo vile hutolewa sadaka. Ndoo alikwenda nayo mwosha, jagi likasahaulika ukutani. Sasa Caroline ni Mkristo, mtu wa Rombo, hayo hayajui. Siku ya kuvunja matanga alikuwa anatusaidia kufagia, akaliona jagi alilolileta, akalitia kwenye kapu la watoto. Nia yake njema kabisa. Hatukumwona.

Tangu hapo Bi Sophia akawa mtu wa kukaa tu. Anaswali. Ukimpa chakula anakula. Watoto walirudi, akawakalisha mkekani. Maji hakutoa. Mama mmoja akamhamisha wake, na mwingine naye.

"Shoga, wanaondoka," nikamwambia.

"Naona."

Ijumaa moja asubuhi Caroline akasimama mlangoni na mtoto mkononi.

"Shikamoo, Bi Sophia."

"Marahaba."

"Sitaki kukuudhi, bibi yangu. Ila huyu kila asubuhi ni kilio, hataki kuja. Anasema kwa Bibi siku hizi tunakaa tu. Ikiendelea hivi, Jumatatu nampeleka Magomeni kwa dada yangu."

"Sawa."

"Sawa tu, bibi?"

"Sawa, mama."

Caroline akanitazama. Nikatazama chini. Waliobaki walikuwa wawili, Brightness na Goodluck. Wakiondoka hao, ua ule atabaki yeye na ukuta, na nilijua hatanyanyuka tena.

Siku hiyo maji ya bomba yalitoka mchana, nikawa najaza mapipa. Bi Sophia alikuwa ndani anaswali adhuhuri. Watoto hawakungoja ruhusa. Wakaliburuta beseni mpaka bombani, likajaa. Brightness akatia mkono kapuni, akatoka na mwanasesere, akatoka na jagi la kijani.

Nililijua palepale. Kugeuka, Bi Sophia yuko kizingitini, tasbihi mkononi.

"Mwanangu ana mchanga mpaka masikioni," Brightness anasema, anamimina ovyo.

"Unamzamisha! Hujui kuogesha!" Goodluck akadakia.

"Wewe mwanaume toka, wanawake tunaoga hapa!"

Nikaenda kumpokonya lile jagi.

"Mwache," Bi Sophia akasema.

Akaja, akachuchumaa. Usoni hamna kitu. Alilitazama jagi muda, kisha akamtazama mtoto.

"Brightness."

"Abee, Bibi."

"Mkono wa kuume kwanza."

Mtoto akamgeuza mwanasesere.

"Hivi?"

"Hivyo. Polepole. Na nyuma ya masikio."

Goodluck akaanza kuhesabu kila anapomimina, moja, mbili, na Bi Sophia akahesabu naye, sauti ileile ya kuitikia salamu. Mimi nilisimama na ndoo yangu, nasoma moyoni nilichojaliwa kusoma. Maji yakamwagika bombani sikuyaona.

"Yameisha, Bibi."

Bi Sophia akalichukua jagi, akaenda pipani, akachota, akamrudishia. Hata hapo hakulia. Alichota tena, na tena, mpaka kanga yake ikalowa chini.

Jioni Caroline akakuta mtoto kalowa chapa, anacheka peke yake.

"Bibi, Jumatatu sasa?"

"Mlete na nguo ya kubadili."

Caroline akashusha pumzi, akambeba mwanawe hivyohivyo na maji yake, wakaenda.

Nikabaki naye. Nikamwambia taratibu, lile jagi, shoga, lilitakiwa litolewe, kesho nitalipeleka msikitini.

"Limeshatolewa," akasema, anafunika beseni. "Ni la watoto."