Mfuko wa Unga wa Mpho

Madaktari vijana wanaopangiwa mafunzo milimani huniuliza wabebe nini. Nawaambia soksi za sufu na tochi. Kisha nawasimulia habari ya mfuko wa unga, maana mimi hakuna aliyeniambia.

Niliondoka Umbilo, mtaani kwetu Durban, Jumatatu asubuhi, kwa sababu mafunzo yangu yalidai miezi sita ya hospitali ya mbali. Mama, aliyenileta Durban mgongoni kutoka Burundi, alinisukumia blanketi zito.

"Beba, mwanangu. Kule iko baridi."

"Mama, naenda kutibu watu, siendi kulala."

"Eish, daktari mzima. Beba tu."

Nikabeba huku nimenuna.

Mpaka Underberg, mji ulio chini ya milima, nilipanda teksi. Kutoka hapo gari la hospitali lilipanda njia ya mlimani ya Sani Pass, kona baada ya kona, tukaingia Lesotho. Masikio yaliziba, nikajifanya natazama mandhari.

Siku ya tatu alikuja Mpho, mwenye mimba ya kwanza, amevuka mito miwili kwa miguu, mfuko wa unga kichwani. Nilimpima. Uchungu ulikuwa bado. Nikamwambia kwa Kiingereza, kama tunavyowaambia wa Durban: nenda nyumbani, uchungu ukianza urudi. Akaitikia kwa heshima, akajitwika unga wake, akaondoka.

Saa sita mchana Sista Palesa, muuguzi mkuu, aliuliza yule mama yuko wapi. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Daktari, hukuuona unga?"

"Niliuona."

"Anayekuja na unga hakuja kupimwa tu, amekuja kukaa. Ile nyumba ya mawe nyuma ya wodi ni yao. Wanajipikia humo wiki mbili, tatu, mpaka wajifungue. Kwao ni mbali."

Nje theluji ilikuwa imeanza. Niliona aibu, na hofu ikaizidi aibu.

Tulimfuata kwa gari mpaka njia ikaisha, tukaendelea kwa miguu, blanketi la Mama begani mwangu. Tulimkuta kando ya mto wa kwanza, ameketi juu ya jiwe, ameukumbatia mfuko, uchungu umeshamshika.

"Nisamehe, daktari," alisema. "Umeanza mapema."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Nilimfunika, tukambeba mpaka garini, na kabla jua halijazama alijifungua binti salama.

Hadi leo naikumbuka milima ile kwa uchungu mtamu: moshi wa samadi kavu, vicheko vya akina mama wakisonga ugali katika nyumba ya mawe.

Niliporudi Umbilo, Mama alilipekua begi langu lote.

"Blanketi yangu iko wapi?"

"Limebaki na mtoto, Mama."

Akalifunga begi. "Basi ilifika," akasema.

Juzi, katika kliniki ya Durban, mzee mmoja aliingia na shuka lake limekunjwa kwapani. Nilimtafutia kitanda kwanza, vipimo vikafuata.