Mbwa wa Bwana Mkubwa

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Lodwar. Ni mimi niliyeipiga ile amri: kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa na afungwe nyumbani; atakayeonekana akizurura apigwe risasi. Mfugaji anayehamahama na mbuzi amfunge kwenye nyumba ipi, amri haikusema. Nilipouliza, mkubwa wangu alinijibu, "Kazi yako ni kupiga chapa."

Askari wakaenda Kakuma. Chanjo zilikuwa bado Kitale. Risasi zilikuwa zimeshafika.

Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja kwa lori kutoka huko kulalamika.

"Mbwa yangu ilikuwa inalinda mbuzi," alimwambia mkubwa. "Sasa fisi inakula tu. Nani atalinda, wewe?"

Mkubwa alimweleza, kwa sauti ya kanisani, kwamba sheria haibagui. Chini ya meza lilikuwa limelala jibwa lake mwenyewe, la manyoya mengi, alilolitoa Nairobi. Halikuwa limechanjwa, kwa kuwa, alivyopenda kusema, halichangamani na mbwa wa mitaani.

Mama aliinama akalitazama. Lilikuwa likidondosha mate na kuguguna mguu wa meza.

"Hii iko na kichaa."

"Ni joto tu, mama," alisema mkubwa, akanyoosha mkono kulipapasa. Likamng'ata. Alipotimua mbio lilimfuata, likanirarua mimi muundi pale mlangoni. Mama alinivuta nje, akaubamiza mlango likabaki ndani. Askari walilenga shabaha dirishani; kabati la mafaili lilikufa kwanza.

Tulipelekwa Kitale kuchomwa sindano za tumbo, kila siku, majuma mawili. Asubuhi nilimsikia mkubwa akilia chumba cha pili kabla sindano haijamgusa. Mimi nililia baadaye, peke yangu. Kila nilipopewa kikombe cha maji nilijipima kama nimeanza kuyaogopa, kama wanavyoyaogopa wenye kichaa cha mbwa.

Tuliporudi, aliniita nipige ripoti: mbwa mzururaji kutoka Kakuma ameingia ofisini na kuuma watumishi wawili. Vidole vilikataa. Nikapiga, "Mbwa wa mkuu wa ofisi hii, ambaye hakuchanjwa." Alitia sahihi bila kusoma.

Barua ya kumtaka ajieleze ilifika mwezi uliofuata. Niliifungua mimi, nikampelekea pamoja na chai.