Mtani Haoshi Mtu Hai

Mama yangu alivunjika nyonga akimkimbiza jogoo. Mama mdogo akisimulia anasema dada yake aliteleza bafuni, anamsitiri, lakini mimi nilishachoka kusitiri watu. Jogoo wa jirani aliingia jikoni akadonoa unga, mama akachukua mwiko, akatoka naye mbio mpaka kwenye mtaro. Jogoo aliruka. Mama hakuruka.

Alipotoka hospitali, kaka yangu mkubwa anayekaa Dar es Salaam alipiga simu akaweka sharti. Mama asibaki peke yake kwenye ile nyumba yake ya Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Nitafute mtu wa uhakika wa kumhudumia, amwogeshe, amgeuze, amsaidie kutembea. Nikishindwa, atakuja na gari amchukue akakae naye mjini, kwenye ghorofa.

Mama akaniomba simu. "Mwanangu," akamwambia, "nikifia huko juu mtanishusha kwa kamba?" Kaka akacheka akidhani ni mzaha. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni ya kitanda niliona mkono wake ulivyokuwa unaibana ile simu. Ile nyumba waliijenga na baba kwa hela ya kukata miwa, na kwenye uwanja wake anajua kila shimo la kuku. Alikuwa anaogopa kuondoka kuliko alivyoogopa kisu cha daktari.

Mimi nafanya kazi Mngeta, kwenye mizani ya mpunga. Bosi alinipa ruhusa, akanikumbusha kwamba msimu haumsubiri mtu. Basi nikaanza kutafuta.

Jamani, kumtafutia mzee mtu wa kumhudumia nyumbani hapa Ifakara siyo kama kutafuta fundi baiskeli. Fundi ukimkosa huyu, mwingine yupo kona ya pili. Mtu wa mzee hana kibao wala kona. Unauliza sokoni, unauliza manesi, unauliza watu wakitoka misa, na kila mmoja anakwambia, "Yupo, yupo, nitakuletea," halafu anapotea yeye mwenyewe.

Wa kwanza aliletwa kutoka Mahenge, binti wa ukoo wetu, mwenye adabu mpaka unaogopa. Akiingia chumbani anapiga goti, "Shikamoo bibi." Akienda kumwaga maji akirudi, goti, "Shikamoo bibi." Mama akawa na kazi moja tu, kuitikia marahaba. Siku moja nikamkuta mama kajilowesha kitandani, machozi yanamtoka kwa hasira. "Mbona hukumwita?" nikamuuliza. "Ningemwitaje?" akasema. "Mtoto anapiga goti kama niko altareni, mimi nimwambie nataka beseni?" Binti naye alikuwa analia mlangoni, hajui kakosea wapi. Nikampandisha basi na zawadi ya mchele, tukaagana vizuri.

Wa pili alitoka kwa wakala mmoja wa mjini Morogoro. Huyo alikuwa na sare, glavu na mashine ya presha, nami nikasema hapa sasa tumefika. Loo! Kumbe anaongea na mama kama anaongea na mtoto wa chekechea. "Tumeamkaje leo? Tumekunywa uji wetu? Tumekwenda chooni?" Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Sisi akina nani?" akamuuliza. "Wewe umekunywa uji, nimekuona. Mimi bado." Kesho yake glavu zikapotea. Keshokutwa mashine ya presha ikapotea. Tulikuja kuvipata vyote chini ya godoro la mama, yule dada akiwa ameshaondoka na hasira zake. Nilitamani nimchape mama, Mungu anisamehe.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Alikuwa mwanajumuiya mwenzetu, mama wa makamo, mikono yake laini, anajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Wiki nzima nikalala usingizi. Jumamosi tukasali jumuiya nyumbani kwetu ili mama naye ashiriki, mlango wa chumba ukiwa wazi. Ukafika wakati wa kutoa nia. Yule mama akafumba macho kwa uchaji, akasema kwa sauti, "Tumwombee mama yetu mgonjwa, ambaye hajapata choo tangu Jumatano." Jumuiya nzima ikaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Kutoka chumbani nikasikia kitu kinagonga ukuta. Ilikuwa ni kandambili.

Baada ya hapo mama akagoma. Hataki kuogeshwa na mtu yeyote, hata mimi. "Nimekuzaa, utaniona hivi?" Alikuwa ananifukuza kwa mkono. Mgongo ukaanza kuwa mwekundu, dalili za vidonda, na nesi akanionya kwa ukali. Kaka akapiga simu kuuliza, "Umepata mtu?" Nikamwambia bado kidogo. "Mwisho wa mwezi nakuja," akasema. Mama alisikia. Akageukia ukutani.

Siku hizo alikuwa anapita mama mmoja muuza perege, mtu mzima mwenye mwili wake na sauti ya kuita abiria stendi. Akafika uwanjani, akaniuliza kwa nini nyumba imepoa. Nikamwambia mama mgonjwa. Akauliza kabila gani. Nikamwambia Mpogoro.

"Mpogoro!" akapiga makofi, akatua beseni la samaki. "Saa hizi Mpogoro bado kalala! Ndiyo maana babu zangu waliwafukuza mkapanda milimani, walikuta mmelala!" Akaingia ndani, hodi hakupiga. Nikamfuata nimtoe kwa nguvu, mtu gani huyu anakuja kumtukana mgonjwa!

Nikamkuta mama amenyanyua kichwa. "Huyo ni Mngoni," akasema. "Nasikia harufu ya pombe ya ulanzi."

"Harufu ni yako, bibi. Inafika mpaka Michenga. Hapa hawaogi?"

"Tulipanda milimani kufuata hewa safi. Tulijua mnakuja."

Nikasimama katikati ya chumba kama mpumbavu. Mama alikuwa anacheka. Tangu aanguke sikuwa nimeona meno yake.

Nieleze kidogo, maana siku hizi watoto wetu hawajui. Wapogoro na Wangoni ni watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Kwenye msiba wa Mpogoro, Mngoni ndiye anayeosha maiti, ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia, na ndiye anayeziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe chochote kulikomboa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Ila nilikuwa nayajua ya msibani.

Basi yule mama akapandisha mikono ya blauzi. "Njoo nikuoshe."

Mama akaacha kucheka. "Watani wanaosha maiti. Mimi sijafa."

"Najua hujafa, maiti haibishi hivi. Nafanya mazoezi, siku yako ikifika nisije nikakosea."

Nilisubiri mama atafute kandambili. Akamwangalia yule mama kutoka juu mpaka chini, halafu akaanza kufungua khanga mwenyewe. Nikafukuzwa chumbani. Kutoka nje nilikuwa nasikia maji yanamwagika na matusi yanarushwa huku na huku, na mimi nimekaa juu ya ndoo uwanjani, nalia kwa raha.

Jioni nikamuuliza mama imekuwaje. "Wale wengine wakinivua nguo wanaangalia pembeni," akasema. "Mtu akiangalia pembeni, unajua umekuwa kitu kibaya. Huyu anaangalia, anacheka, basi, yameisha."

Tukakubaliana, nikampigia kaka kwamba mtu amepatikana. Asubuhi anauza perege, saa nne anakuja kwa mama, anakaa mpaka jioni. Mgongo wa mama ukapona. Akaanza kusimama na kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, mtani akiwa nyuma yake anapiga ngoma kwenye sufuria, "Tembea, gogo! Konokono wa kwenu Mahenge wanakupita!" Mama akafika mlangoni. Siku nyingine akafika jikoni. Mimi nikarudi Mngeta kwenye mizani yangu, nikawa nakuja mwisho wa wiki.

Lakini mama mdogo, anayelima Michenga, alikuja kumwona dada yake, akakuta anaogeshwa na nani. Akatoka nje ameshika kichwa. "Mnaita kifo ndani ya nyumba! Mtani haoshi mtu hai, tangu lini?" Nikamwambia, mama mdogo, angalia mgongo wake. Hakutaka kuangalia mgongo. Alipanda bodaboda, na kabla hajafika kwake alikuwa ameshampigia kaka.

Kaka akapiga simu ya picha Jumapili, bila taarifa, nikaipokea kizembe. Alichokisikia cha kwanza ni sauti ya chumbani: "Geuka huko, nikuoshe hilo kalio kabla halijaota uyoga!"

"Nani huyo anamtukana mama yangu?"

Nikajaribu kueleza. Kaka aliondoka hapa mdogo, akaenda kusoma, akaoa huko huko. Utani anaoujua ni wa mpira. "Namlipa mtu amtukane mama? Mama anaishi na mtu wa kuosha maiti?" Akakata simu.

Jumamosi iliyofuata gari likasimama uwanjani. Kwenye kiti cha nyuma kaka alikuwa amelaza godoro. Aliingia, akamshika mama miguu, "Shikamoo mama," akamwambia amekuja kumchukua. Nikasema mama anaendelea vizuri, anafika jikoni mwenyewe. "Ulipewa nafasi yako," akanijibu bila kunitazama. Nilitamani nimrushie kandambili na mimi.

Nikamtazama mama aseme. Mama aliyeficha glavu, mama aliyekimbiza jogoo! Akainamisha kichwa. "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa, na hospitali ulilipa wewe." Akaomba apewe rozari yake iliyokuwa ukutani. Kaka akaanza kufunga khanga kwenye begi. Nikatoka nje. Kwenye mafiga sufuria la maji ya kuoga lilikuwa linatoa mvuke, maana ilikuwa inakaribia saa nne.

Mtani akaingia uwanjani na beseni lake. Akaona gari, akaona godoro, akaniona mimi. Nikamwonyesha mlango. Akatua samaki. Akachota majivu jikoni akajipaka usoni, akafunga khanga kiunoni, akaenda akajilaza kizingitini mlango mzima. Na mwili ule, hapakubaki nafasi hata ya paka.

Halafu akapiga yowe la msiba. Wee! Majirani wa pande zote wakatoka, mwingine na mwiko mkononi.

Kaka akaja na begi. "Mama, naomba upishe."

"Maiti haitoki hapa mpaka ikombolewe."

"Maiti gani? Mama yangu mzima!"

"Mzima?" Mtani akanyanyua kichwa chenye majivu. "Ameulizwa?"

Kaka akahamisha begi mkono wa pili.

"Mimi kwetu," mtani akasema, "mtu anayebebwa bila kuulizwa ni maiti. Nami ndiye niliyekuwa namwosha. Toa chochote, mchukue maiti yenu."

Majirani walikuwa wanacheka, na wazee wawili watatu walishaanza kumweleza kaka kwamba huo ni utani, baba, usikasirike, mila ndivyo ilivyo, toa hata mia utapishwa. Mtani mwenyewe hakuwa anacheka. Majivu ya shavuni yalikuwa yameloa. Kaka akatazama huku, akatazama kule, akaona aibu kugombana na mwanamke aliyelala chini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti.

"Mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama nyuma ya kaka, ameshika chuma chake, rozari shingoni. Kutoka kitandani mpaka pale hakuna aliyemshika. Kaka aligeuka akabaki na ile noti hewani. Hakuwa amemwona mama akitembea tangu aanguke.

"Rudisha hela yako mfukoni," mama akasema. "Usinikomboe."

Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi zake, akaweka begi chini. Sauti ikamtoka ndogo. "Mama, kwani wewe unataka nini?"

"Nataka kuoga," mama akasema. "Mwambie huyo Mngoni aamke hapo mlangoni, maji yanapoa."