Picha Saba za Mchi wa Nyanya

Juzi binti yangu, anayesomea kuchora katuni huko Mombasa, alinisimamisha uani na simu yake. "Mama, nyanyua ndoo. Weka chini. Tena, polepole." Akapiga picha nyingi, ati atazichora moja moja ndipo mwanamke wake wa kwenye kompyuta ajue kuinama. Alidhani mimi niliyesoma ngumbaru sitaelewa. Mwenzangu, kazi hiyo niliifanya kabla hajazaliwa.

Kwetu Mambrui, miaka ya themanini, jirani yetu alikuwa fundi wa picha. Mtalii alimwachia kamera iliyojivuta filamu yenyewe, ikilia kama nyenje. Alasiri tukiruka kamba, naye akitupiga picha mfululizo, huku harufu ya samaki wa kukaanga ikitoka kila jiko. Akishaosha picha, mimi nilizifunika kwa karatasi nyepesi, nikafuata mistari kwa penseli, tukazishona zikawa kijitabu. Ukiachia kurasa kwa kidole gumba, mtoto anaruka.

"Mguu wako wa kushoto mvivu," fundi akinitania. "Usibishe, picha zimekusema."

Siku moja tukiwa kwenye kamba, tukasikia makelele ya mwizi. Mkwezi, aliyekuwa akituangulia nazi, alikamatwa akimswaga mbuzi wa nyanya yangu, kamba yake mkononi. Wanaume wakamwangusha mbele yetu. Nilisikia mateke yakiingia mbavuni, sauti kama ya kukung'uta godoro. Alitema jino, damu ikachanganyika na mchanga. Nyanya akatoka jikoni mbio na mchi wa kinu; mimi nikafumba macho. Kamera ililia muda wote. Nadhani kidole cha fundi kilisahau kuachia.

Mkwezi hakufa, ila mkono wake wa kulia ulivunjika pawili. Picha moja ikazunguka mjini: nyanya amesimama juu yake, mchi hewani, mkono mwingine ameutandaza, wanaume wamerudi nyuma. Watu wakasema amemkinga, na wanaume waliompiga hawakubisha. Nyanya hakukana. Wanawake wakajaa uani kumbusu mkono, yeye aliyetufundisha kuswali na kutuchapa viganja tukisema uongo.

Lakini mimi fundi alinipa zote saba zenye mchi. Nikazichora, nikazishona, nikaachia kurasa. Mchi ukashuka. Nikaachia tena, ukashuka tena, juu ya kiwiko cha mkwezi. Basi nikawa nakianzia kijitabu mwisho kuja mwanzo: mchi unabanduka kiwikoni, unapanda, nyanya anarudi kinyumenyume jikoni. Siku mbili nilifanya hivyo, nikimwomba Mungu iwe ndivyo.

Nyanya akanikuta. "Hebu nami nione."

"Kinaanzia mwisho, nyanya."

"Kitabu gani hicho, mjukuu wangu, kinachoanzia mwisho?"

Akakigeuza, akaachia kurasa kwa kidole chenye unga wa muhogo. Mara moja tu. Akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa mkwezi.

Tulimkuta mkekani, mkono umefungwa vibanzi vya mbao, jicho limeziba. Nyanya akapiga magoti.

"Mwanangu, huo mkono nimeuvunja mimi."

"Najua, Bi mkubwa. Nilikuwa nakutazama."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesadikiwa na nani, mimi mwizi?"

Hakupanda mnazi tena. Nyanya alimpikia mpaka mbavu zikapona, na yule mbuzi akamwachia. Leo wote wametangulia mbele ya haki, fundi pia, na zile picha unyevu ulizigandisha zikawa kama kipande cha tofali, hazibanduki. Nakumbuka zaidi miezi iliyofuata. Kila mwanamke aliyekuja kumbusu mkono, nyanya aliuvuta, akamketisha, akamweleza alivyopiga na alivyonyamaza akisifiwa. Mmoja mmoja, mpaka wakaacha kuja. Uani palipokuwa hapapitiki kwa wageni, tukabaki mimi na yeye, tukichambua mchele.