Mkono wa Ndani ya Kompyuta

Veridiana, ambaye Chiwata nzima inamwita Mama Godwin, akili zake za kazi ziko mkono wa kushoto. Kwa huo hulima, kwa huo hukuna nazi, na kwa huo, akiwa katibu, huandikisha wakulima wa korosho kwenye kompyuta mbili za ushirika wetu. Moja ni ya Windows. Nyingine, ya msaada, ni ya Linux. Zote alizipanga mwenyewe: kipanya kikae kushoto, kitufe cha kulia ndicho cha kubonyezea. Kwenye ya Linux alikwenda mbali zaidi, akaweka vishale vya kwenye kioo vilivyogeuzwa kwa ajili ya mashoto.

Juni hii Mzee Bwanali alikuja kujiandikisha apate salfa ya kupulizia mikorosho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mama Godwin, jina la marehemu baba yangu unalituma serikalini kwa mkono wa chooni?"

"Mkono umeshika kipanya tu, Mzee."

"Basi mimi siandikwi!"

Foleni nzima nyuma yake nayo ikagoma. Mwenyekiti wa ushirika, Uwesu, akaitisha mkutano papo hapo, ajenda moja: katibu aondolewe. Ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua ya mikorosho, usajili unafungwa kesho, na watu wazima wenye watoto vyuoni wanajadili kiganja cha mama mmoja! Nilisimama nikayasema hayo. Nikaambiwa, kijana, kaa chini.

Veridiana hakubishana.

"Baba Mwenyekiti, mimi nasukuma tu. Anayebonyeza yuko ndani. Njooni mmwone."

Akafungua fomu kwenye Windows. Kishale kilipofika juu ya kitufe cha kutuma kikageuka kiganja kidogo cheupe. Akaingia kwenye mipangilio, akakikuza mpaka kikaonekana toka mlangoni. Mzee Bwanali akasogea, akaweka kiganja chake kando ya kioo, akalinganisha madole gumba.

"Wa kulia," akatangaza. "Na ile nyingine?"

Tukahamia kwenye Linux. Dole gumba lilikuwa upande wa pili.

"Kushoto! Si niliwaambia? Yumo humu!"

Mama mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Veridiana, mbele ya mashahidi, akarudisha vishale vya awali. Kiganja kikageuka cha kulia. Watu wakapiga makofi kama timu imesawazisha.

Uwesu akasoma azimio: "Katibu anaendelea na kazi. Mkono wa nje ni wake na Mungu wake. Mkono wa ndani uwe wa kulia wakati wote."

"Na ukaguliwe kila asubuhi," akaongeza Bwanali, akachaguliwa mkaguzi bila mpinzani.

Kisha akaketi, wa kwanza kuandikwa. Veridiana akashika kipanya kwa mkono wake uleule wa kushoto. Mzee alikodolea kioo macho, hakuutazama mkono hata mara moja. Kabla ya magharibi majina yote yalikuwa yamekwenda.