Aliyeonja Kwanza

Jumapili, mwezi wa sita, mwaka 1976. Mlandege, mtaani kwangu Iringa, asubuhi kulikuwa na upepo ule mkavu wa kipupwe, jua linawaka lakini halina joto. Ndiyo siku tuliyokwenda kumchukua mdogo wangu hospitali ya misheni, alikolazwa tangu masika ili aachishwe unga wa maumivu. Mke wake alikuja nami. Mimi nilikuwa nawaza kama kweli amepona. Yeye, nadhani, alikuwa anawaza kama ukoo wetu utampokea kama mke au kama mchawi.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na kusimulia kwa mpangilio sijui sana. Basi nirudi nyuma kwanza.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori, barabara ya Tunduma. Siku moja yuko chini ya gari jeki ikateleza, akaumia mgongo. Hospitali walimchoma sindano kali za maumivu, akapata nafuu, wakamruhusu. Lakini mgongo haukuwa umemaliza maneno yake. Akaanza kujitafutia dawa mwenyewe. Uyole, pale malori yanapolala, alimpata mtu anayeuza unga wa kijivu umefungwa kwenye vipande vya gazeti. Hayo sisi hatukuyajua wakati ule. Tulichosikia Iringa ni kwamba akishakula chakula cha mke wake analala kama gogo, mchana kweupe, na ukimwamsha haamki.

Mke wake ni Mnyakyusa wa Tukuyu, sisi ni Wahehe. Mama, aliyekuwa anakaa nao Mwanjelwa, Mbeya, ndiye aliyeniita, na nilipofika alikuwa ameshatoa hukumu.

"Kamwekea kitu," aliniambia kabla sijatua kikapu. "Limbwata limezidi kipimo. Mtoto huyu alikuwa hasinzii hata kanisani."

"Mama, umeona kwa macho?"

"Haonji! Analeta uji, anaweka, anaondoka zake. Mtu mwenye moyo safi anaonja."

Kwetu anayekukaribisha ulanzi, ile pombe ya mianzi, anakunywa yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa kikombe. Hapo unajua hakuna sumu. Ukipokea bila mwenyeji kuonja, watu watakushangaa. Lakini niseme haki: hiyo ni desturi ya pombe. Kuipeleka mpaka kwenye uji na mboga za mwanamke ndani ya nyumba yake, hilo lilikuwa la mama.

Wifi yangu hakubishana. Akaanza kuonja kila kitu, hata maji ya kunywa. Siku moja mama akamwambia, "Na chumvi je?" Akalamba chumvi, akasema, "Mama, nikinenepa msije mkaniuliza mimba ya nani." Nilitaka kucheka nikajizuia, maana nilikuja kama mlinzi.

Na kweli nilimlinda. Akiingia jikoni nipo. Akienda bombani niko nyuma yake na ndoo yangu. Niliangalia mpaka kucha zake. Sikuona kitu, na kwa sababu sikuona kitu nikazidi kumshuku, nikasema huyu ni fundi. Sijui kama watu wengine nao wanawaza hivyo au ni mimi tu.

Siku moja ya mvua kubwa foleni ya bombani ilitushika tangu asubuhi mpaka mchana. Tuliporudi moto ulikuwa haujawashwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukumbini, anajikuna pua, ana jasho na baridi yote ile. Alikataa hata chai. Ndipo akaingia mgeni, koti limelowa.

"Kamwene, mama!"

Mama alichangamka kama ameletewa zawadi. Salamu ya nyumbani, Mwanjelwa! Wakaulizana habari za kwao na mianzi ya mwaka huo. Halafu mgeni akasema amemletea dereva dawa ya mgongo. Akakunjua karatasi mbele yetu sote, akalowesha ncha ya kidole, akachovya, akalamba, akameza. Ndipo akampa.

"Umeona?" mama akaniambia, sauti ya kumfikia wifi aliyesimama mlango wa jikoni. "Huyo ndiye mtu aliyelelewa."

Na mimi niliona hivyo hivyo. Kati ya wawili wale, ningeambiwa nichague wa kumwamini, ningemchagua mgeni. Mdogo wangu alimimina unga wote kwenye kikombe, akachota maji mwenyewe, akanywa. Mgeni akaaga.

Mvua ilikuwa bado haijakatika tuliposikia anakoroma. Haukuwa mkoromo wa mtu aliyelala. Ulikuwa mrefu, ukakatika, tukangoja, ndipo ukaja mwingine. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mke wake alimrukia, akamgeuza ubavu, akawa anamwita jina na kumpiga mashavu.

"Umemlisha nini?" mama akapiga kelele.

"Hajamlisha kitu," nikasema. "Nimekuwa naye tangu asubuhi, mama. Hata chooni nilimngoja mlangoni."

Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyeweza kumtetea, na ni kwa sababu nilimlinda kama mwizi.

Lakini msinisifu. Jirani alipoleta gari, nilimwona wifi anaokota ile karatasi ya gazeti na kuisokota ndani ya kitenge. Moyoni nikasema, sasa nimekukamata.

Hospitali ya Mbeya daktari alimfunua jicho, akamulika. Mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Wakamwekea hewa, wakawa wanamsukumia pumzi. "Amekunywa nini?" akauliza. Mama akafungua mdomo, lakini wifi alikuwa ameshatoa karatasi kitengeni. "Hii. Ilibaki kidogo kwenye mikunjo."

Kumbe ndiyo sababu ya kuificha. Aliogopa tungeitupa.

Pumzi iliporudi vizuri, daktari alikuja kutueleza. Alisema hana mashine ya kupima, anakisia kwa dalili: kuna dawa ya maumivu ya jamii ya kasumba, yaani afyuni, na kuna dawa ya usingizi imechanganywa. "Kila moja peke yake inapunguza pumzi. Zikiwa pamoja, mtu anasahau kupumua."

"Lakini aliyempa alionja!" mama akasema, karibu alie. "Nimeona mwenyewe."

"Ameonja ncha ya kidole, mama. Mwanao amekunywa karatasi nzima. Tena hii si pombe, kwamba wote mnakunywa chungu kimoja. Mtu amesaga vidonge kwenye kinu, akagawa kwa kukisia. Karatasi hii inapata dawa ya usingizi kidogo, ya pili yake inapata nyingi. Hata muuzaji hajui ipi ni ipi."

Mama akaangalia mikono yake. Nadhani ndipo nami nilipoelewa. Desturi yetu haikukosea. Sisi ndio tuliipeleka mahali isipofanya kazi, na mdogo wangu aliifuata, maana kumbe kila siku kule Uyole mtu huyo wa nyumbani alimwonjea kwanza.

Wifi aliuliza, "Tukimfungia ndani, tukamnyima?" Daktari alikataa kabisa. Alisema mtu aliyezoea dawa ya usingizi akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Lazima apunguziwe taratibu, mbele ya wauguzi. Na isiwe karibu na Uyole. Ndiyo tukampeleka misheni, upande wetu wa Iringa.

Nilikwenda kumtazama mara nyingi. Alitetemeka, aliharisha, alitutukana. Siku nyingine alikuwa mpole, anauliza watoto, halafu kwa sauti ile ile, "Dada, niletee kidogo tu. Ya mtu wa nyumbani, si ya mwingine." Tangu hapo kila mgeni aliyefika kitandani pake nilimwangalia mfuko kwanza, uso baadaye. Hata mchungaji.

Yule muuzaji, mgeni wetu wa siku ya mvua, nilimkuta stendi mwezi uliofuata. Aliapa kwamba alinunua ule unga tayari umesagwa kwa mtu wa mpakani, naye hajui kilichomo. Inawezekana. Alikuwa anasinzia huku amesimama. Nilimwambia hospitali iko wapi. Alicheka, lakini aliniuliza mara ya pili kama wanapokea watu hivi hivi.

Basi, Jumapili ile tukamleta mdogo wangu kwangu Mlandege, amekonda, shingo inacheza kwenye kola. Mama alikuwa ametangulia. Wifi ndiye aliyepika. Alipoweka chakula mkekani, mkono wake ukaenda wenyewe kumega tonge la kuonja.

"Acha hiyo," mama akasema. "Kaa ule kama watu."

Msamaha hakuomba, si siku ile wala baadaye. Wifi alikaa. Tonge alikuwa ameshalimega, akalila.

Mdogo wangu alikuwa uani ananawa, anachelewa kuliko ninavyopenda. Koti lake lilining'inia ukutani. Nilitia mkono mfukoni, nikakuta kitana na kipande cha sabuni. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, ananitazama.

"Umepata, dada?"

"Sijapata."

"Na kesho tafuta tena," akasema. Sikujua kama ananikejeli au ananiomba, na sijui mpaka leo.

Akakaa kati ya mama na mke wake. Tulikula ugali wa dona, maharage, na mnafu ulioungwa kwa karanga. Alikula polepole, na sote tulikuwa tunasikiliza anavyopumua.